Mkono Ulioinua Kiatu

Kwa miaka arobaini na saba mama yangu aliukosea wimbo mmoja, na aliukosea kwa sauti ya juu. Ni ule Wimbo wa Kiatu, ambao redio ziliupiga mpaka kasuku wa jirani akaujua. Mwanamke anakimbia stesheni akiwa na kiatu cha mtoto mkononi, treni inaondoka, na mtoto yumo ndani. Watu wote waliimba hivi:

Mkono wa kushoto umeinua kiatu,
wa kulia umeshika moyo usidondoke;
ewe treni, nenda pole,
mwenye kiatu yuko nyuma.

Mama aliimba kulia palipo kushoto, na kushoto palipo kulia. Kwenye harusi ukumbi mzima uko kushoto, yeye yuko kulia, kichwa juu, wala hana habari na mtu. Mimi binti wa miaka kumi na miwili natafuta meza ya kujificha chini yake.

"Mama, ni kushoto," nilimwambia siku moja tukirudi nyumbani, nimenuna.

"Aliyetunga kakosea," akasema. "Wanaume ndivyo walivyo, ukimpiga kofi hajui limetokea upande gani. Mimi ndiye niliyekimbia. Najua nilikishika wapi."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mama alidai kwamba mwanamke wa kwenye wimbo ni yeye.

Habari yenyewe, kama alivyoisimulia, ilikuwa hivi. Baba alifariki mimi nikiwa tumboni, miezi mitano. Kaka yangu alikuwa na miaka sita. Mama alikuwa na cherehani moja ya mkono, chumba kimoja, na dada yake mkubwa aliyeishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa treni, mwenye uwezo na asiye na mtoto. Wakubwa wakakaa, wakaamua Kaka akalelewe kwa mama mkubwa. Mjomba ndiye aliyempeleka, na akampiga Mama marufuku kufika stesheni. "Ukija utalia," alimwambia, "na wewe ukilia naye atalia, na akilia hatapanda." Basi wakaagana mlangoni. Walikuwa wamechelewa, Mjomba akambeba mtoto mabegani na kwenda mbio, wala hakuna aliyeangalia miguu. Walipokwisha kupinda kona Mama akaona kiatu kimoja chini ya kitanda. Akakichukua na kukimbia. Alipofika, treni ilikuwa imeanza kuondoka. Alikimbia nayo mpaka saruji ya stesheni ikaisha.

Kaka naye alikuwa na habari yake. Kwamba hakuna aliyekuja stesheni kumuaga. Kwamba alifika kwa mama mkubwa na kiatu kimoja, na mama mkubwa, Mungu amrehemu, ulimi wake ulikuwa wembe. "Mama yako alikuwa na haraka ya kukutoa," alimwambia, "hata viatu viwili hakukuvisha." Hayo hakuyasema mara moja. Aliyasema kila mtoto alipokosea, na mtoto gani hakosei?

Mwaka uliofuata wimbo ukatoka. Mama aliusikia akiwa kwenye cherehani, akaacha mshono katikati. "Huyo ni mimi," akasema. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwepo, na alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na huyo mwimbaji alikuona wapi, wifi? Alikuwa kajificha chini ya behewa?"

Tena Shangazi alikuwa na hoja nzito kuliko hiyo. Mama alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni na mfupa ukaunga vibaya, kwa hiyo mkono ule umekunjika hivi, kiganja kifuani, na haupandi zaidi ya hapo. Haujawahi kuanika nguo. Haujawahi kufikia rafu. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo atainuaje kiatu kwa kushoto? "Njia ya mwongo ni fupi," Shangazi alipenda kusema, na mtaa mzima ukamwita mama yangu Mama Stesheni.

Mimi nitasema ukweli wangu, maana nimeshazeeka vya kutosha kuona aibu na kuendelea kuishi. Sikumwamini. Nilimpenda, alinifundisha kazi, kila mshono ninaoujua umetoka kwenye mkono wake mmoja mzima. Lakini nilidhani ameukuta wimbo unaofanana na jeraha lake, akaufanya kiraka. Sisi mafundi tunafanya hivyo. Kitambaa kikikaribiana rangi, unashona.

Kaka alikuja kututembelea mara moja kwa mwaka. Nyumbani kwetu viatu vinaachwa mlangoni, mgeni na mwenyeji. Kaka hakuvua hata siku moja. Alikaa ncha ya kiti, viatu vimefungwa kamba, akaangalia saa, akasema "Alhamdulillahi, hatujambo," akanywa nusu ya chai, akaondoka. Mama hakumwambia neno kuhusu viatu. Alipiga deki baadaye, polepole, kwa mkono mmoja.

Miaka minne iliyopita redio ya jirani ikaupiga wimbo Kaka akiwa amekaa pale pale. Mama akatabasamu. "Huo ni wako na wangu, mwanangu."

Kaka akaweka kikombe chini. "Mama, huo ni wimbo. Mimi nilikuwa ndani ya treni. Nilikuwa natazama nje. Nakumbuka kichwa cha treni nyingine kikioshwa kwa mpira wa maji, nakumbuka mpaka rangi yake, kijani. Nilitazama mpaka tukatoka. Hukuwepo."

Akainuka, akaenda zake. Mwaka uliofuata hakuja. Na Mama, tangu siku ile, hakuimba tena. Ukipigwa wimbo, ananyamaza na kukaza macho kwenye kazi. Ningelipa chochote kumsikia tena akiukosea mbele za watu.

Mwaka huu daktari akatuambia moyo wake umechoka. Tulipotoka aliniegemea, akasema, "Mimi sina ninachotaka. Nataka ajue tu kwamba nilikwenda." Basi. Mtu wa miaka themanini, na haja yake ni hiyo moja. Nami sikuwa na cha kumpa, kwa sababu mjomba amekufa, mama mkubwa amekufa, na asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa, kazi. Mimi nashona mapazia, na ninajulikana. Miezi miwili iliyopita nikaitwa kupima madirisha ya jengo la gazeti moja la zamani. Gazeti lenyewe lilishafungwa, na jengo wanalifanya ukumbi wa kuonyeshea picha zake. Aliyenipokea alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vya kahawia, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Giza. Aliniambia jina hilo alilipata kazini, kwa kukaa miaka thelathini na sita kwenye chumba cha giza akisafisha picha.

"Na usinicheke," akasema.

"Mimi mama yangu anaitwa Mama Stesheni," nikamjibu. "Sina meno ya kumcheka mtu."

Nikapima dirisha la kwanza, la pili. Kati ya la pili na la tatu palikuwa na picha kubwa kama mlango, nyeusi na nyeupe. Nilikuwa na utepe shingoni na pini mdomoni. Nikainua macho.

Mwanamke anakimbia kando ya treni. Mdomo uko wazi. Kiatu kidogo kiko juu, mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umekunjika kifuani. Chini yake wameandika kwamba hii ndiyo picha iliyopata zawadi nje ya nchi, na kwamba ndiyo iliyozaa Wimbo wa Kiatu.

Nilitoa pini mdomoni moja moja, nisije nikazimeza. Kumbe wimbo una picha! Mtaani kwetu nani alinunua gazeti? Sisi tulijua redio tu. Mwimbaji hakuwa chini ya behewa, Shangazi. Aliiona picha.

"Aliikuta kwa kinyozi," Mzee Giza akasema nyuma yangu. "Gazeti la miezi mingi nyuma. Alisema alitoka pale nusu ya kichwa haijanyolewa."

Nilikuwa natafuta sura ya mama yangu. Nywele zimefunika nusu, moshi umefunika nusu. Lakini mkono ulioinuliwa ulikuwa wa kushoto, umenyooka wima kama mti wa bendera, na mkono ule wa mama yangu haujanyooka tangu akiwa na miaka tisa. Basi si yeye. Moyo ulinianguka. Nilijidai siku zote kwamba simwamini, kumbe sehemu yangu fulani ilikuwa inangoja.

Nikageuka niendelee na dirisha la tatu, ila macho ya fundi hayana adabu, yanashika nguo kwanza. Kwenye dirisha la behewa palikuwa na mtu mzima, na mbele yake kisogo cha mtoto aliyetazama upande mwingine. Kola ya shati la mtoto ilikuwa na vipande vya maua makubwa kama sahani. Kitambaa kile nakijua. Kilikuwa pazia letu mpaka nilipoingia darasa la tatu, na kona yake moja ilikuwa imekatwa. Mama alisema pale ndipo alipokata kitambaa cha shati la Kaka.

"Una nini?" Mzee Giza akauliza. "Kaa chini."

"Sikai." Nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikaanza kuwaangalia waliosimama stesheni, mmoja mmoja, kama ninavyoangalia nguo ya fundi mwingine nikitafuta kosa. Wapagazi watatu. Askari. Bwana mmoja mwenye kofia. Kisha nikacheka, cheko la ajabu, hata mwenyewe lilinitisha.

"Mzee wangu, niambie kitu kimoja. Siku hiyo wanaume wote stesheni walivaa blauzi?"

"Blauzi?"

"Shati la kiume upande wa kushoto unalala juu ya wa kulia. La kike kinyume chake. Na mfuko wa shati la kiume unakaa kushoto, juu ya moyo. Waangalie hawa. Wote wamefunga vifungo kike. Wote mifuko iko kulia, mpaka askari. Mmoja ningesema fundi wake mlevi. Watano?"

Mzee Giza hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lake, na ile miwani ilikuwa safi.

"Miaka hamsini na mbili," akasema, "nimengoja mtu aone. Wamekuja maprofesa hapa."

Akanipeleka chumba cha nyuma. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha ukanda mfupi wa filamu. Akanieleza kwamba filamu ina uso na mgongo, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Ule uliofifia lazima utazame chini kwenye mashine, usipofanya hivyo picha inatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, wiki yake ya pili kazini, mhariri amesimama mlangoni anapiga kelele. Akaiweka kinyume. Hapakuwa na bango wala herufi kwenye picha, ambazo zingesomeka kinyume na kuwaumbua. Mpiga picha alipoona gazeti alimfuata gizani akamzaba kofi.

"Mbona hamkusahihisha?"

"Ilikuwa imeshasifiwa. Halafu zawadi. Halafu wimbo ukatoka, na nchi nzima inaimba kushoto. Ningemwendea nani? Nimwambie kwamba watu wote hawa wanaimba kosa la kijana wa chumba cha giza?" Akanitazama. "Lilimdhuru nani, dada yangu? Ni mkono tu."

Hapo hasira ilinipanda. Nilimweleza lilimdhuru nani. Nilimweleza kila kitu, kiwiko, Shangazi, ncha ya kiti, chai nusu, na sikupunguza hata tone. Alipokuwa anasikiliza alizidi kuwa mfupi. Nilipomaliza aliinuka, akafunga mlango na kuwasha taa nyekundu.

Akauweka ukanda sawasawa safari hii, nikaiona picha ikitoka ndani ya maji ya dawa, kwenye sinia, kidogo kidogo. Kwanza treni. Kisha wapagazi, wamevaa mashati yao kama wanaume. Kisha mama yangu, mkono wa kulia juu na kiatu chake, na wa kushoto, ule mbovu, umekunjika kifuani mahali pake. Huo ndio mkono ulioshika moyo usidondoke. Mstari mzuri kuliko yote katika wimbo, watu wameulilia miaka yote hiyo, na ni kiwiko tu kilichoungwa vibaya. Na chini ya gauni, ukijua pa kuangalia, tumbo la miezi mitano. Nilijiona mimi. Nililia bila kujizuia, na Mzee Giza akashika koleo zake akageukia ukutani.

Nikampigia Kaka. "Njoo Jumamosi."

"Amezidiwa?"

"Hajazidiwa. Njoo."

Akaja. Viatu vyeusi, kamba zimefungwa vizuri. Akakaa ncha ya kiti, akanywa nusu ya chai. Mama alikuwa kitandani sebuleni, amewekewa mito, na kwenye kabati nyuma yake, kama siku zote, kiatu kidogo cha ngozi kilichopauka. Kaka hakuwahi kukubali kukitazama. Kiatu chenyewe hakikumthibitishia kitu, isipokuwa kwamba kweli alisafirishwa na kimoja.

Nikampa picha, nikafungua mdomo nieleze habari ya filamu, mgongo na uso, vifungo. Mama akaniambia, "Nyamaza wewe."

Kaka aliitazama picha muda mrefu. Nilijua mahali macho yake yalipo kwa jinsi uso ulivyobadilika. Alianzia kwenye kiatu. Akaenda kwenye mkono uliokunjika, akamtazama Mama kitandani, mkono ule ule umelala kifuani pale pale, akarudi kwenye picha. Kisha akafika dirishani, kwenye kola ya maua. Akajigusa shingo.

"Hiki ni kisogo changu," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na huyu ni Mjomba."

Hili mimi sikuwa nimelizingatia, nilikuwa nimeshughulika na nguo. Mjomba alikuwa amempitishia mtoto mkono begani, na kidole chake kimenyooshwa kuonyesha kitu upande wa pili wa treni. Lakini uso wa Mjomba haukufuata kidole. Uso wake ulikuwa umegeukia nje, kwa mwanamke anayekimbia.

"Kichwa cha treni," Kaka akasema. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Aliniambia, tazama kile, tazama wanavyokiosha. Kila nikitaka kugeuka ananionyesha tena. Aliniambia nihesabu magurudumu." Akamtazama Mama. "Alikuwa anakuona."

Mama akaomba picha. Nikamshikia, maana mikono yake haina nguvu. Aliitazama, na nilidhani atafurahi kwamba maneno yake yamethibitika, kwamba sasa angemtaja Shangazi na kumsomea mashtaka huko kaburini. Wala. Alikuwa anamtazama kaka yake, Mjomba.

"Alikuwa ananijua," akasema. "Alijua nikiwafikia nitafanya nini."

"Ungenipa kiatu," Kaka akasema.

"Kiatu gani?" Mama akamgeukia, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya kwenye harusi. "Ningekushusha. Ningekushusha kwa mkono huu mmoja, na kiatu ningekitupa huko!"

Jirani alikuwa anakwangua sufuria nje, na tulimsikia mpaka alipomaliza.

Kaka alijifuta uso kwa kiganja chote, kama anavyojifuta mtoto. Halafu akaanza kuimba. Hana sauti, ukoo wetu mzima hauna, na alikuwa anauimba chini chini kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mkono wa kulia umeinua kiatu. Hakubabaika. Kulia. Mama akaingia kwenye mstari wa pili, wa kushoto umeshika moyo usidondoke, nami nikaingia wa tatu, na wote watatu tukaukosea kama inavyotakiwa.

Tulipomaliza Kaka aliangalia saa ukutani. Ilikuwa saa kumi na nusu, na ndiyo saa anayoondoka miaka yote. Akainuka. Nikaona macho ya Mama yanamfuata mpaka mlangoni, na nikasema moyoni, basi, hata hivyo amejua, si ndicho alichokitaka?

Pale mlangoni Kaka akainama. Akafungua kamba za kiatu kimoja, akakivua. Akavua na cha pili. Akavipanga kando ya vyetu, akarudi ndani na soksi zake, akakaa kitandani miguuni pa Mama.

"Ile chai," akaniambia, "bado ipo?"